Golikipa wa Ukumbi Usio na Kuta

Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mlango wa ukumbi wetu wa muziki, na wananiita Golikipa kwa sababu hapiti mtu. Tiketi ya bandia naijua kwa kidole gumba. Karatasi yake inateleza mno. Anayejidai mpwa wa mpiga ngoma namuuliza jina la bibi yake. Mume wangu husema hata yeye akichelewa kurudi namkagua kabla hajaingia, na hasemi uongo.

Basi kiongozi wa bendi akatuletea habari za tamasha la mtandaoni.

"Dada, dunia imehama," akaniambia. "Hapa tuna viti mia tatu. Kule hakuna kuta. Siku zijazo mtu atatutazama yuko jikoni kwake anamenya vitunguu."

"Pasipo kuta hapana mlango, na pasipo mlango huingia kila aina ya mwizi. Hao watu elfu mbili utakaosema wapo, nani atawasikia hata wakikohoa?"

Akacheka. "Ndiyo maana nakutaka. Utakaa na kompyuta, usome wanayoandika. Matapeli na wenye matusi, toa nje."

Aliyefurahi kuliko wote ni mwimbaji wetu, Chiriku. Binti yule nampenda kama wa kumzaa. Miaka minane iliyopita, siku ya kwanza alipotoka kwenda kuimba, mama yake alimfungia mlango wa nyumba, akamwambia akaishi huko huko kwenye ngoma zake. Akaja kukaa kwangu. Tangu hapo mama hajamsikia jukwaani hata mara moja. Sasa ni mgonjwa, hainuki kitandani, na wiki ile muuguzi wake alipiga simu kusema mama ameomba kumtazama kwenye tamasha hilo.

"Shangazi, ameomba mwenyewe!" Chiriku alinishika mikono yote miwili. "Mama atanisikia!"

Nilimkumbatia, lakini niseme kweli, roho yangu haikutulia. Aliyefunga mlango miaka minane hafungui hivi hivi. Nikajiambia, tutaona.

Jumapili alasiri tukaanza. Viti vitupu, kamera tatu, na mimi pembeni ya jukwaa na kompyuta, fundi wa kamera karibu yangu. Alikuwa amenionyesha: unabofya jina, unabofya "toa", mtu hayupo tena. Loo, nilivyoipenda kazi ile! Mmoja alikuwa anauza dawa ya upara. Mwingine alijiita kiongozi wa bendi, na kiongozi mwenyewe namwona mbele yangu anapiga gitaa. Wa tatu alitukana suruali ya mpiga ngoma. Alikuwa na haki yake, lakini nilimtoa.

Kisha akaja mmoja hana picha wala jina, ameandikwa "Mgeni" na tarakimu nyuma yake. Akaandika: aaaa.

Nikamuuliza: Wewe ni nani?

Akajibu: aaaaaa.

"Shangazi, huyo hana neno, mwache," fundi akasema.

"Nimwache? Asiyeonyesha uso ana lake jambo. Leo anaandika a, kesho atabeba spika." Nikambofya. Kwaheri ya kuonana.

Nilikuwa nimeshatoa watu arobaini na mmoja, najiona bingwa, Chiriku alipoisogelea maikrofoni kuimba wimbo wa mwisho.

"Mama, huu ni wako," akasema. "Najua vidole havikutii. Bonyeza herufi moja tu, kama tulivyokubaliana, nijue upo. Nakungoja."

Moyo ukanilipuka paa! Hakuwa ameniambia habari ya herufi, na mimi sikuuliza. Tangu lini golikipa akaambiwa mgeni atabishaje hodi? Bendi ilisimamisha muziki. Chiriku ananitazama mimi, maana mimi ndiye ninayesoma.

"Mrudishe yule wa a," nikamnong'oneza fundi.

"Yupi? Wapo akina Mgeni sita hapa."

"Basi fungua wote!"

"Hata wenye matusi?"

"Nimesema wote!"

Miaka kumi na tisa, na siku ile ndiyo nilifungua mlango bila kuuliza mtu kitu. Muuza dawa akarudi. Wa suruali akarudi na matusi mapya. Herufi sikuiona. Chiriku alingoja, akangoja, akaimba kwa sauti inayokatika, kisha akashuka jukwaani bila kumtazama mtu.

Nikamfuata chumba cha kubadilishia nguo. Sikupamba maneno.

"Mwanangu, mama yako alikuwepo. Mimi ndiye niliyemtoa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alipiga simu, akaweka sauti ya juu, muuguzi akapokea.

"Ameniambia nizime," muuguzi akasema. "Anasema amestahili. Alimfungia mwanawe mlango, na leo mwanawe amemfungia."

Chiriku akaziba mdomo kwa viganja, machozi yanapita katikati ya vidole. Nikaichukua ile simu.

"Mpe mama simu anisikie," nikasema. "Mama, huyu ni mlinda mlango. Si mwanao aliyekutoa, ni mimi na roho yangu ya shaka. Yeye alisimamisha bendi nzima akikungoja."

Nikasikia pumzi nzito upande wa pili.

"Aliningoja?" sauti ikauliza, nyembamba, ya mtu aliyechoka.

"Alikungoja, mama. Naapa."

"Basi mwambie anifungulie."

Nikamrudishia Chiriku simu yake. Akaanza kuimba palepale, amekaa sakafuni, hana gitaa wala maikrofoni. Nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu, nikauegemea kwa mgongo. Kiongozi wa bendi akaja mbio, anafoka kuhusu yale matusi, anataka kuingia.

Hakupita.