Nafasi ya Babu kwenye Lori

Juzi nilikwenda chuoni kusikiliza mhadhara kuhusu sera za vijiji. Mtoa mada alipouliza kama kuna swali, nikamkumbuka bibi yangu.

Nilikuwa bado mtoto, tumekusanyika kijijini kwetu Nyansurura, uwanja ukinuka vumbi na samadi. Mwalimu wa chuo kikuu alikuja kutueleza uzuri wa kuhamia kijiji cha ujamaa: shule, zahanati, maji ya bomba. Alipokaribisha maswali, bibi alisimama.

"Mwanangu, mzee wangu, babu yao hawa, tulimzika hapa, mlangoni pa zizi lake. Yeye je?"

"Shikamoo, bibi. Hakuna atakayeachwa nyuma," mgeni alijibu, na watu wakapiga makofi. Bibi aliketi bila kupiga makofi. Nilidhani hakusikia vizuri, maana mimi nilishangilia kuliko wote.

Siku ya kuhama, lori likinguruma na kunuka dizeli, nilijibana kwenye kona ili babu naye, kama mgeni alivyoahidi, apate pa kukaa. Kila aliyesogea nilimwambia, "Hapa pana mtu."

Bibi alipopanda, nilimwambia vivyo hivyo. Alinyanyua kinu chake, akakiweka taratibu pale pa babu.