Vinundu Viwili Nyuma ya Masikio

Wiki moja baada ya kumaliza kilio cha babu, nilikuwa ninajikuna darasani, kidole kikakuta kitu nyuma ya sikio. Kigumu, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Nikapapasa upande wa pili. Na huko iko kingine.

Mimi njo nilikuwa ninachekesha kalasi yetu kwa kujifanya nimelala. Nilijua kukoroma macho wazi. Mwenzangu wa benchi, mtoto aliyetoka kijiji cha Lokandu, ambaye alikuwa anasinzia kweli, aliniita Ndugu Godoro. Tulikuwa na jirani, fundi wa reli, aliyeshikwa na ugonjwa wa usingizi. Alilala na tonge mkononi, nami nilimwiga, watu wakavunjika mbavu. Kisha akafa. Na hapa kwetu Kindu kila mutu anajua: waganga wa hospitali wanaopima ugonjwa ule wanakupapasa shingo kwanza. Wakikuta vinundu, wanakupima damu, na sindano ndefu ya mgongo inaweza kufuata.

Nikaanza kutafuna pilipili darasani. Asiyesinzia si mgonjwa: akili yangu iliishia hapo. Machozi yalinitoka kwenye hesabu, mwalimu akafikiri nimetubu. Kila mara nilivibonyeza vinundu nione kama vimekua. Vikazidi kuuma.

Jumatatu, baada ya kusalimu bendera, tukaambiwa tupange mstari. Waganga wamefika.

"Ndugu Godoro, leo wanakubeba," mwenzangu akaninong'oneza mgongoni.

"Nyamaza, nawe."

Aliyepapasa alikuwa mama mmoja wa makamo. Vidole vyake vya baridi vikapita shingoni, vikapanda nyuma ya masikio, vikasimama.

"Mama, mugongo yangu ni mugumu sana. Sindano itavunjika bure."

"Nani amekuambia sindano? Inama. Walikunyoa lini?"

"Siku ya kumaliza kilio, mama. Wajukuu wote saba."

"Na wembe ngapi?"

"Mumoja."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba vinundu vya ugonjwa ule mara nyingi vinakaa nyuma ya shingo, tena haviumi. Vyangu vinauma, na kichwa kimejaa vidonda vya wembe. Tezi zimevimba zikipigana na uchafu wake. Nioshe kwa sabuni, nipake dawa ya zambarau, niache kubonyeza. Homa ikinishika, au vikikua, au wiki mbili zikipita bila kupungua, nirudi. Hata hivyo akanitoboa kidole, damu ikapimwe.

Niligeuka nimcheke mwenzangu. Vidole vya mama vilikuwa vimesimama nyuma ya shingo yake.

"Hapa panauma?"

"Hapana, mama."

Akaonyeshwa benchi ya pembeni, angoje kupimwa zaidi. Mwenzangu akaniangalia, akisubiri niseme la kuchekesha. Mfukoni nilikuwa na pilipili mbili. Nikaenda kukaa naye, nikampa moja.

"Tafuna," nikamwambia. "Usisinzie."