Betri Nne na Ubeti wa Pili

Betri iliyoanikwa juani ina harufu yake: bati la moto, karatasi iliyoungua kidogo, na uchachu fulani unaokaa kooni. Nikiipata harufu hiyo leo, nakuwa mtoto tena papo hapo. Nyumbani kwetu Nyamigogo, Biharamulo, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Bugarama kule Ngara, betri nne za redio zilianikwa kwenye ungo ubavuni mwa maharage, na Mama alizigeuza kila mara ili zipate jua pande zote. Zikiendelea kugoma, alizing'ata. Alizijua moja moja. Ile yenye alama za meno yake mawili tumboni ndiyo iliyokuwa mvivu kuliko zote. Redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo tu. Aliyethubutu kuifungulia muziki alikiona cha mtema kuni.

Nilipokuwa na miaka tisa, masika yalikuja na barua. Dada yangu Yasinta alikuwa akisoma shule ya masista, mbali sana, na likizo mbili mfululizo hakuja nyumbani. Aliandika kwamba kwaya yao ingesikika redioni Jumapili moja asubuhi baada ya Pasaka, na kwamba ubeti wa pili angeimba peke yake. Mama hakujua kusoma. Alinitaka nimsomee barua ile mara tatu. Tangu siku hiyo redio ikafungwa kabisa, hata vifo tukawa tunavisikia kwa majirani. Lakini wiki yenyewe mvua ilinyesha bila kupumzika, na ungo ukabaki ndani. Jumamosi mchana, Mama akiwa amekwenda kufagia kanisa, nikapiga hesabu zangu: kama jua linatia nguvu, moto utatia zaidi. Nikazifukia zote nne kwenye majivu ya moto katikati ya mafiga, nikakaa kusubiri sifa. Zikavimba, zikatoa uji mweusi, na moja ikapasuka kwa kishindo kilichomkimbiza paka mpaka nje. Mama aliporudi hakunichapa. Aliketi kwenye kigoda na kanga yake iliyolowa, akasema, "Umenizimia Yasinta wangu." Afadhali angenichapa.

Jumapili asubuhi tulikanyaga matope hadi kwa Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, jirani pekee aliyekuwa na betri ya gari. Kila ilipoisha aliifunga kwenye baiskeli na kuipeleka mjini Biharamulo kuchajiwa, safari ya siku nzima na kitu kizito kinachovuja tindikali na kutoboa suruali. "Shikamoo, baba," alisema Mama mlangoni. "Marahaba, mama Yasinta. Karibuni. Ila mmeikuta inakufa hii, nilikuwa nangoja mvua ikatike niipeleke." Alipoelezwa shida yetu alizima taa yake ndogo, akawatoa wajukuu nje, akazikwangua kwa kisu ncha za nyaya za redio yake. Kwaya ikaanza. Ubeti wa kwanza ulipoisha sauti ilikuwa imeshanyong'onyea, na Mzee akainama kuipunguza zaidi ili idumu. Kisha akaja Yasinta. Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikiniita nikaoge. Mistari minne, halafu kimya. Mama alikuwa bado ameshikilia ukingo wa meza. "Ni yeye," alisema. "Mzima." Betri ilipopumzishwa kidogo ikaamka tena, lakini ikatuletea mtangazaji. Jioni Mama aliniambia niandike barua: tulikusikia mpaka mwisho. Niliandika huku nikilia, maana nilijua uongo ule ulikuwa wa kunifunika mimi. Miaka na miaka baadaye, akipalilia shambani, aliimba mistari ile minne, akafika palepale na kunyamaza.

Leo mimi ni fundi wa sola, na sifichi kwamba lile kosa la jikoni ndilo lililonisukuma. Betri ya lithiamu ninayoifunga ukutani naibeba mwenyewe kwa mikono miwili. Ndani yake mna kifaa kinachopima joto na chaji, na kuizima kabla haijajiharibu. Mara ya kwanza kuelewa kazi ya kifaa hicho nilikionea wivu, kwa kuwa kinajua kitu ambacho sikukijua nikiwa na miaka tisa. Katika zahanati moja niliyoihudumia, friji ya chanjo haibabaishwi tena na mawingu. Mafundi wenzangu wanazungumzia betri za sodiamu, kitu kilichomo hata kwenye chumvi ya mboga, na betri za ukubwa wa makontena zinazoweza kuwekea mji mzima jua la mchana kwa matumizi ya jioni. Chini ya vilima vya Bugarama kuna nikeli, madini yanayoingia katika baadhi ya betri hizi. Babu zangu walilima maharage juu yake bila habari. Sijui Bugarama itaambulia nini, na betri zilizokufa zinazotupwa ovyo mashimoni zinaniudhi sana. Hata hivyo bado nashangaa, kila ninapowasha swichi ya kwanza katika nyumba ya mtu, kwamba jua limekubali kulala ndani.

Pasaka iliyopita Yasinta, ambaye sasa ni sista mtu mzima mwenye miwani, alikuja kwa Mama. Mvua ilinyesha siku tatu. Betri niliyomfungia Mama haikutetereka. Redio iliongea kutwa na hakuna aliyeigombania. Siku ya tatu tulikuwa tukimenya ndizi, Mama akaitazama ile betri ukutani, kisha akaifunga redio kwa mkono wake. "Yasinta, nilikudanganya," alisema. "Siku ile betri ilituishia kwenye mstari wa nne." Akanigeukia. "Na wewe sema nani alizipika zile zetu nne." Nikasema. Yasinta alicheka mpaka akaweka kisu chini, halafu akajifuta macho na kuimba ubeti wa pili. Ulipofika mstari wa nne nilibana pumzi bila kutaka, na Mama naye vilevile. Yasinta akaupita. Ilikuwa imebaki mistari miwili tu, basi.

Mama aliokota ndizi nyingine, akaishika bila kuimenya.

"Kumbe uliendelea," alisema.