Vifurushi Vitatu vya Mchina

Walisema siwezi. "Huyu? Hafiki hata Pugu, atashuka kulilia uji!" alicheka mwenye duka wa Kisarawe siku nilipopanda lori kwenda kusoma. Basi mimi, mjukuu wa mkulima wa muhogo, nimerudi na diploma ya utabibu, na wagonjwa hutoka hata Kibaha kunifuata. Sijisifu, ndugu yangu, waulize.

Lakini siku niliyorudi niliuona uwanja wa jirani yetu mtupu, bila ukindu wa kusukia ulioanikwa.

Unaukumbuka ule mwaka wa mafua makali? Asubuhi hukusikia mtu akitwanga. Ni kikohozi tu, nyumba hadi nyumba. Nilikuwa na miaka tisa. Alianza binti wa jirani, mwenzangu wa kuchuma kisamvu, kisha nikafuata mimi. Bibi alinifukiza kwa majani ya mvumbasi chini ya kaniki. Jasho lilitoka, homa ikabaki palepale.

Jirani alikuwa akisuka makanda na kumuuzia Mchina mmoja wa Dar es Salaam, aliyeyatumia kufungashia majongoo ya bahari. Mchina aliposikia mtoto wa jirani anaumwa, akampa vifurushi vitatu vya karatasi: magome, maua makavu, vipande vya mizizi. Akamwonyesha kwa vidole: mtoto mmoja, siku tatu, kila siku kimoja.

Kwetu dawa hainyimwi. Bibi alipofika mlangoni kwa jirani hakuomba, alisimama tu.

"Wako anahema vibaya kuliko wangu," jirani akasema. "Chukua viwili."

"Na wewe, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Chukua, mama! Dawa ya kunyimana huoza."

Ikachemshwa, nikanywa. Uchungu wake ningali nao ulimini. Siku ya tatu niliomba uji. Siku ya nne walimzika mwenzangu.

Leo kila anayekuja kwangu namkanya: dawa ya mmoja si ya wawili. Wamenisikia mno. Siku hizi mgonjwa huficha chupa yake uvunguni, na hakuna anayesimama mlangoni kwa mwenziwe. Desturi iliyoniweka hai nimeizika mwenyewe.

Mwaka jana niliwalipa wote walionikopesha nauli na karo, mchana, mbele ya watu, ili wale wasemaji waone. Nilimalizia kwa jirani, na doti mbili za khanga. Mchina alikwishahama, makanda hayana mnunuzi. Nilimkuta amekaa tu, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alizipokea khanga, hakuzikunjua. "Nikuulize, wewe uliyesoma. Ile dawa ilikuwa inaponya?"

Nikisema ndiyo, namwambia alitoa uhai wa mwanawe. Nikisema hapana, alichonipa hakikuwa kitu. Nikavipekua kichwani vitabu vyangu vyote.

"Sijui, mama."

Alizilaza khanga mapajani.

"Nami miaka yote hii," alisema, "nilidhani hilo ndilo ulilokwenda kulitafuta."