Mashuka ya Fundi Seremala

Kila asubuhi Shangazi alibeba ndoo yake ya maziwa akazunguka kijiji kizima kwa miguu, na kabla maziwa hayajaisha alikuwa ameshajua nani kagombana na mkewe na ng'ombe wa nani kakonda. Nyumba za watu alizisoma kwa kamba za nguo. Akiona nepi zimeanikwa, alifikisha pongezi kabla hajaambiwa. Akiona sare ya mlinzi imeanikwa siku ya kazi, alijua kuna mtu kaachishwa. Walimwita Redio, naye jina hilo alilivaa kwa madaha kama nguo mpya.

Basi ni yeye aliyegundua kwamba fundi seremala, kapera anayeishi peke yake, anaanika mashuka kila siku ya Mungu. Pale bombani, wanawake wakisubiri zamu, hakuweza kujizuia.

"Jamani, mwanamume mzima, mashuka kila asubuhi! Mimi nasema bado anakojoa kitandani."

"Redio, utatuua wewe!"

"Kumbe ndiyo maana haoi!"

Walivunjika mbavu. Haikuchukua muda fundi akawa na jina: Kikojozi. Watoto waliliimba nyuma ya baiskeli yake; wateja walimuuliza kama vitanda anavyotengeneza vinastahimili maji. Aliinama tu, akaendelea kupiga randa. Kisha kamba yake ikawa tupu, na Shangazi akacheka tena: "Kaacha kunywa maji jioni."

Siku moja mvua ilimkamata njiani, akakimbilia kwenye karakana ya fundi. Mlango ulikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Ndani, juu ya mbao, yalikuwa yametandazwa mashuka mabichi yenye uvundo, maranda yamegandamana nayo. Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti nyembamba:

"Mwanangu, na hili nalo bado bichi. Mgongo unaniwasha."

Sauti hiyo aliijua. Alikuwa mama yake fundi, ambaye kijiji kizima kiliamini yuko mbali, kwa binti yake, anauguzwa.

Fundi aliingia na beseni, amelowa chapachapa. Alipomwona alisimama, kisha akasema kwa adabu ileile ya siku zote:

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," Shangazi aliitikia, akaonyesha chumba cha nyuma.

"Mwanangu, mbona hukusema ni mama?"

"Aliniomba watu wasijue," alijibu kwa sauti ya chini. "Shangazi, mama huyu ndiye aliyesimamia shughuli zote za hapa, harusi na misiba. Hataki kuonekana hivi. Mimi jina haliniui."

"Lakini ungeendelea kuanika nje."

"Watoto walianza kuja kuchungulia Kikojozi anavyolala. Wangemwona."

Shangazi alitazama sakafu. Mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na habari ambayo ilimlazimu kuimeza. Akienda bombani kumsafishia kijana jina, atakuwa amemvua nguo mama. Na kunyamaza tu, je? Yule bibi aendelee kulalia unyevu?

Hakuomba ruhusa. Aliyakusanya mashuka yote, akayabeba kwapani mpaka kwake, akayafua upya. Mvua ilipokatika aliyaanika kwenye kamba yake inayotazama barabara.

Mke wa kinyozi alikuwa anapita na ndoo.

"He! Redio! Mashuka yote hayo? Umepata wageni?"

"Sina mgeni."

"Sasa ya nani?"

Shangazi alibana kibanio cha mwisho.

"Yangu."

"Yako? Yote?"

"Yangu. Na kesho utayaona tena."

Mke wa kinyozi aliziba mdomo kwa kiganja, akaaga harakaharaka, akashika njia ya bombani. Shangazi alimsindikiza kwa macho. Mwendo ule aliufahamu vizuri sana. Ulikuwa wake mwenyewe.