Maji Aliyomwaga Rital

Wifi yangu Dahiba, mjane wa kaka yangu Shazli, ana sifa moja inayojulikana kijiji kizima hapa magharibi ya Aswani: hakuna anayemshinda kwa miiko ya mzazi. Mwanamke akijifungua, Dahiba huitwa akae mlangoni. Na hapo hupiti hivihivi. Atakuuliza umetoka wapi, umebeba nini, umevuka mto leo au hukuvuka. Una nyama mbichi, rudi. Umetoka kunyolewa, rudi. Umetoka makaburini, hapo hata usisogee, maana ukiingia na vumbi la wafu kwa mzazi ambaye arobaini yake haijaisha, maziwa yake yatakauka na lawama ni yako. Mimi aliwahi kunirudisha kwa sababu ya mabilinganya. Mabilinganya, jamani. Nimemtangulia kuolewa na kuzaa, lakini alinirudisha nayo.

Basi mkwewe Wisam, mke wa mwanawe, akajifungua mtoto wa kiume baada ya wasichana wawili, na mtoto akapewa jina la marehemu kaka yangu. Siku chache tu, maziwa yakakatika. Mtoto analia, mama analia, daktari anasema ni uchovu, wanawake wanasema daktari anajua nini. Dahiba akatazama huku na huku, kidole chake kikamwangukia Inshirah, mwalimu wa chekechea, aliyekuja kumpongeza mzazi na mfuko wa maini mabichi. Inshirah aliapa kwamba mfuko aliuacha nje. Dahiba akasema aliingia nao.

Tena Inshirah hana mtoto, ameolewa miaka na miaka. Midomo ya wanawake mnaijua: maini yakasahauliwa, likabaki jicho la husuda. Wakamwita, wakamkalisha kizingitini, Wisam akamruka ili maziwa yarudi, akamruka tena, hayakurudi. Inshirah akainuka, akakung'uta gauni lake, akaenda zake. Baada ya hapo akina mama wakaanza kuwatoa watoto wao chekechea, mmoja leo, mwingine kesho. Mwenye chekechea akamwambia wazi: wasiporudi, tafuta kazi nyingine.

Ndiyo maana akaandaa safari ya kwenda kwenye uwanja wa sanamu za mawe. Aliwaalika watoto wote, hata waliotolewa, na mama zao na bibi zao waje wamwone kwa macho yao anavyokaa na watoto. Dahiba hakutaka kuja. Lakini wajukuu zake, Rital wa miaka mitano na mdogo wake aitwaye Jana, walilia hadi wakapata kwikwi. Akaja kwa shingo upande, nami nikaja naye, maana wifi yangu huyu akiachwa peke yake hugombana hata na kivuli.

Uwanja wenyewe uko juu ya kilima, upande wa machimbo. Sanamu zimesimama ovyo kati ya majabali, hujui lipi kaliweka Mungu na lipi kalichonga binadamu. Watoto walitawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Mmoja akampanda simba asiye na kichwa.

"Shuka, utavunja," bibi yake akamwambia.

"Ni jiwe, bibi, halivunjiki."

"Nasema utavunja meno yako. Shuka."

Inshirah ana namna yake. Hakuwaambia watoto hiki ni nini na kile ni nini. Alisimama nao mbele ya jiwe, akawauliza wao.

"Huyu nani?"

"Ngamia."

"Amelala au ameketi?"

"Amechoka," akasema mmoja. "Kama baba akitoka kazini."

Wanawake wakacheka, na mama wa yule mtoto akacheka kuliko wote. Sukkara, aliyemtoa binti yake chekechea, akaninong'oneza, "Lakini huyu anawaweza." Nikaona mabega ya Inshirah yakilegea kidogo. Nilifurahi, siwezi kuficha. Dahiba alikuwa ameketi kando kwenye kivuli cha jiwe moja, anatafuna mbegu za tikiti na kutema maganda.

"Watoto wanafundishwa kuongea na masanamu," akasema. "Tena na nani."

"Wifi, kula mbegu zako," nikamwambia.

Watoto wakafika kwenye jiwe moja refu, limelazwa chini, na upande mmoja lina shimo la duara kama bakuli. Aliyelichonga sijui alikusudia nini. Rital hakungoja kuulizwa. Alifungua chupa yake ya maji, akamimina yote ndani ya lile shimo, taratibu, bila kumwaga pembeni. Jana akachuchumaa kando yake, akafungua viganja.

"Rital," mwalimu akamwuliza, "maji umempa nani?"

"Babu."

"Babu yuko hapa?"

"Hapana, mwalimu. Babu yuko kwake kule mchangani. Lakini na lake lina bakuli. Bibi alimtilia maji, akamwambia, Shazli, amekuja Shazli mwenzio."

Sisi wafu wetu tunawawekea bakuli la maji kichwani pa kaburi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Sukkara ndiye aliyeuliza. "Mlikwenda lini, mwanangu?"

"Siku aliyokuja mtoto. Halafu tukaingia kumbusu. Bibi akasema tusimwambie mama."

Dahiba alikuwa ameshasimama. "Mwongo huyu. Anaota usiku, anasimulia mchana."

"Sisemi uongo, bibi."

"Nimesema mwongo. Funga mdomo."

Rital alimtazama bibi yake kama anayemtazama mtu asiyemjua. Kisha akaanza kulia kimyakimya, machozi tu. Na Jana, ambaye bado alikuwa na viganja vyake wazi, akasema, "Amina."

Uso umeumbwa na haya, nami haya zilinishika mimi nisiye na kosa. Niliangalia viatu vyangu. Nilimwelewa wifi yangu, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa na kaka yangu ujana wao wote na uzee wao. Amezaliwa mtoto wa jina lake, angekwenda kumwambia nani kwanza? Hata mimi ningekwenda. Lakini kutoka kule, kuingia kwa mzazi na vumbi miguuni, halafu kuketi pale mlangoni na kumnyooshea mwenzio kidole? Kwa hilo sikuwa na la kumtetea.

Inshirah aliinama, akamfuta mtoto machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Rital si mwongo," akasema. Kisha akatugeukia. "Watoto huchanganya siku. Twendeni tukale."

Alimfungulia mlango, mnaona. Alimfungulia yeye, Dahiba, na angeweza kupita akaenda zake. Dahiba akapiga hatua moja, akasimama.

"Hakuchanganya," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia kwake. "Nilikwenda. Nilitoka kule nikaingia kwa Wisam. Na siku nilipokusingizia nilikuwa najua."

"Na mimi nilijua," Inshirah akasema. "Nilikuona unatoka makaburini, umewashika hawa mikono."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Wewe Hajati wa mlangoni, na mimi mgumba mwenye maini."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angetukana. Wanawake waliokuwepo siku ile ya kizingiti walitazama chini, kila mmoja kwa wakati wake, na Sukkara alikuwa wa kwanza.

"Nisamehe, binti yangu," Dahiba akasema.

"Ya kwangu nitayafikiria. Anza na huyu uliyemwita mwongo."

Dahiba alipiga magoti juu ya kokoto, na magoti yale ni mabovu, mwaka mzima anasali juu ya kiti. Akamshika Rital mabega.

"Hukusema uongo, mama. Bibi ndiye aliyesema uongo."

Rital akajifuta pua kwa mkono wa gauni, akafikiri. "Kwa hiyo sasa naruhusiwa kumwambia mama?"

Dahiba alinitazama mimi, kana kwamba mimi ningeweza kumwokoa. Sikuweza, na sikutaka.

"Mwambie," akasema.

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo," akasema, akavuta shela yake usoni, akabaki amepiga magoti pale mpaka watoto wote walipokwisha kupita.