Nywele za Kwenye Chanuo

Bi Mwatima alikuwa mtu wa Tumbatu aliyeolewa mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, na kazi ya hina alijifunza kwenye ndevu za mumewe. Mume alipofariki, mikono ikabaki na ujuzi wake bila ndevu za kupaka, na wanawake wa mtaa wakaanza kumletea vichwa vyao.

Majani ya hina aliyatwanga mwenyewe, akayachekecha kwa kitambaa cha mtandio mpaka yakawa laini kama poda, kisha akaukanda unga huo kwa chai kavu, isiyo na maziwa, iliyochemka sana. Ndimu aliitia kwa uchache, maana nywele za kujikunja hukauka upesi, na zikikauka hukatika. Kabla ya kupaka alipitisha mafuta ya nazi kwenye ncha zote, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga.

Na hakupaka kichwa asichokijaribu. Alimtaka mtu ampe nywele zilizobaki kwenye chanuo. Aliziloweka kwenye hina ndani ya kikombe cha kahawa, kesho yake akaziosha, akachukua unywele mmoja akauvuta. Ukinyooka kisha ukajikunja tena, kichwa kilipakwa. Ukikatika, hapakwi mtu.

Sharti hilo lilimpotezea wateja wengi. Nywele za chanuo mtu hampi mtu. Huzifukia au huzichoma, zisije zikaangukia mkono mbaya. Mtaani walisema Bi Mwatima ama mchawi ama mjinga, na mjinga hawezi kutoa rangi nzuri namna ile.

Mwaka wa hamsini na nne alifika kwake Kidawa, msokota kamba za usumba wa makumbi ya nazi kutoka Jambiani, aliyeletwa na khalati yake Tabia, dada wa mama yake. Alikuwa na miaka thelathini na minane na talaka ya miaka sita. Sasa ameposwa na Simai, fundi cherehani wa Darajani, na harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ile. Homa kali ilikuwa imemwachia mvi kichwa kizima. Alikuwa ameshajaribu unga mweusi wa pakiti, na nywele za mbele zikakatika. Siku ya harusi angevuliwa buibui mbele ya wakwe, akatazamwa kichwa. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Aliposikia habari ya chanuo, akarudisha kanga yake kichwani. Kisha akaeleza, macho chini, kwamba ndoa yake ya kwanza ilisemwa imevunjwa na mke mwenzake aliyeziokota nywele zake chini ya kitanda. Yeye hajui kama ni kweli. Lakini kama sharti ni hilo, bora aolewe na mvi zake.

"Nywele zako nikazifanyie nini, mwanangu?" Bi Mwatima alisema. "Zangu zenyewe zimenshinda."

Akavua kanga ya kichwa, akachana, akatoa kwenye chanuo kifundo cha nywele, nusu nyekundu nusu nyeupe. Akakifunga kwenye pindo la kanga ya Kidawa.

"Hizo zangu. Ukiona nimekufanyia ubaya, na wewe nifanyie. Nikimaliza kujaribu turudishiane."

Kidawa alicheka, kisha akaona Bi Mwatima hacheki. Akanyoosha mkono kuomba chanuo.

Kikombe cha kwanza kilikuwa na ndimu kidogo, na unywele ulipovutwa ulikatika papo hapo. Bi Mwatima akajua unga wa dukani ulikwishazila. Kikombe cha pili akatia chai tupu, na safari hii unywele ulivutika, ukaachiwa, ukajikunja. Mvi zilitoka na rangi ya ganda la mdalasini. Kidawa aliipenda, lakini bado alitaka nyeusi. Simai hajui kama mchumba wake ana mvi.

"Nyeusi ipo," Bi Mwatima alimjibu. "Ila utaipaka kwenye kipara."

Wakarudishiana nywele zao, kila mmoja akachoma zake kwenye makaa ya seredani. Ndipo Kidawa akakaa chini, akainamisha kichwa.

Ijumaa chumba kilijaa wanawake wa upande wa Simai. Kidawa alipovuliwa buibui, nywele zilikaa kichwani nene, laini, kila unywele na mkunjo wake. Mwanaasha, dada mkubwa wa Simai, alizishika kwa vidole viwili, akauliza kama hiyo ni rangi yake ya kuzaliwa. Tabia alishafungua kinywa kumjibia.

"Ni hina, wifi," Kidawa akamtangulia. "Chini yake mvi tupu. Kamwambie na mdogo wako."

Mwanaasha hakutoa vidole. Aliupapasa mkunjo mmoja, akaurudia, kisha akainama sikioni kwa bibi harusi akauliza kama huyo mpakaji anaumiza anapochana.

"Hata kidogo," Kidawa alisema. "Lakini atakuomba kitu. Mpe."